Siku Waithaka Ilipopigania Utumwa

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Msicheke. Kuna kazi ambazo huisha kabla mtu hajaota mvi, na yangu ilikuwa mojawapo. Nilikuwa dijei wa muvi katika banda la video la mabati pale Kabiria, mtaa ulio jirani na Uthiru na Waithaka. Kwa wale mliozaliwa na simu mkononi, dijei wa muvi ni yule mtu aliyekaa kando ya televisheni na maiki, akapunguza sauti ya wazungu, kisha akawasemea kwa Kiswahili. Anacheka kwa niaba yao, anatongoza kwa niaba yao, anakufa kwa niaba yao. Mimi nimekufa sana. Nimekufa kwa risasi, kwa upanga, kwa kuanguka kutoka kwenye helikopta, na mara moja kwa huzuni.

Siku hizi nauza vifuniko vya simu mjini, kwenye ngazi za jumba moja karibu na River Road. Nyinyi mnaokuja kununua vifuniko ndio hao hao mnaotafsiri muvi chumbani na kuzirusha mtandaoni, halafu mnaniuliza, "Buda, siri ya hii kazi ni gani?" Nimechoka kujibu nikiwa nimeshika bisibisi. Naandika.

Lakini mjue mnapata ushauri wa mtu wa wasiwasi. Hakuna shule niliyosomea kazi hii, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huamini kwamba kila mtu mwingine anajua kitu ambacho yeye hajui. Kwa hivyo nilikuwa nafanya mazoezi kupita kiasi. Muvi moja nilikuwa naitazama bila sauti mpaka nijue nani anakohoa na anakohoa wapi. Kisha nafanya mazoezi chooni, kwa sababu choo cha ploti yetu kilikuwa na mwangwi mzuri. Siku moja nilikuwa ndani napiga kelele, "Toka nje, mwoga wewe, leo ndio mwisho wako!" Kumbe jirani amesimama mlangoni anangoja zamu. Alirudi nyumbani bila kujisaidia, na mwenye ploti akaja kuniuliza kama nina matatizo ya kifamilia.

Maiki usiiweke mbele ya mdomo. Iweke kwenye kidevu, la sivyo kila "p" itapasuka kama tairi. Kunywa maji ya uvuguvugu, si soda. Mkono wa pili uwe kwenye kitufe cha sauti ya muvi yenyewe, ili bunduki zisikike na maneno yasisikike. Na wakianza kubusiana wakati kuna akina mama ukumbini, usinyamaze, kwa sababu ukinyamaza kila mtu atasikia mabusu. Mimi nilikuwa natangaza bei ya unga. Baraza, aliyenitangulia kwenye maiki, alikuwa fundi zaidi: aliwahi kulifanya busu refu liwe mazungumzo ya kununua ploti Kitengela, mpaka mzee mmoja akauliza kama ina hati.

Baraza ndiye niliyemrithi. Sauti yake ilikuwa kama gunia la kokoto linaloburutwa, hadi koo lilipomgomea. Akaiacha maiki, akaanza kuuza mayai ya kuchemsha nje ya banda lile lile, mgongo ameuegemeza kwenye mabati ili asikie kila neno. Nikiboronga, alikuwa anagonga ukuta kwa kijiko alichotilia mayai kachumbari. Akigonga mara moja, maana yake niongeze kasi. Akigonga mfululizo, maana yake ninyamaze kabisa.

"Usiwaambie kitu wanaona," alikuwa akinionya. "Wana macho. Waambie kitu hawaoni." Akaongeza kwamba muvi haisimamishwi hata nyumba ikishika moto, na kwamba ikiisha dijei anafunga mdomo, kwa sababu watu wanataka kwenda nyumbani wakiwa na raha. Na kama pande mbili zinapigana, zipe majina ya mbali. Yeye alitumia Mombasa na Kitale. "Nani atatoka Mombasa akuje Kabiria kulalamika?"

Hayo ya mwisho niliyasikia vizuri kabisa. Nataka mkumbuke hivyo.

Banda lilikuwa la Mama Naliaka, mama wa Bungoma aliyekuwa na kifua kipana na msimamo usioyumba. Ufunguo wa kufuli aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kuna Jumapili alionyesha mpira, vijana wa Uthiru wakakutana na vijana wa Waithaka, ambao timu zao za mtaa zina chuki ya tangu jadi, na benchi karibu zote zikageuka kuni. Wakati huo huo pastor mmoja alikuwa anamtaka amkodishie banda lote, siku zote. Mama akaniita.

"Kyalo. Jumapili hii nataka ukumbi ijae."

"Sawa, Mama."

"Na sitaki fujo. Benchi moja ikivunjika, moja tu, Jumatatu pastor anachukua hii ufunguo. Mimi nimezeeka, sitaki presha."

"Na mimi nitaenda wapi, Mama?"

"Uende kwa pastor uimbe kwaya. Si una sauti?"

Mtu mwenye akili timamu angeleta muvi ya karate. Mimi nikaleta muvi ya vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vile vya zamani, vya utumwa. Nilikuwa na sababu: hakuna dijei mwingine aliyewahi kuigusa, na mimi niliwaza kwamba nikiifanya bila kosa hata moja, Mama hataweza kunifukuza. Nikasoma kila nilichopata kwenye simu. Nikasoma hadi nikaanza kuota pamba.

Nilienda kumweleza Baraza. Alikuwa anapasua yai.

"Walikuwa wanapigania nini?" akaniuliza.

"Wengine wanasema haki za majimbo."

"Majimbo kufanya nini?"

"Kujiamulia mambo yao."

"Mambo gani?"

"Kama wataweka watumwa ama hawataweka. Kusini walikuwa na mashamba ya pamba, na kazi yote ilifanywa na watumwa. Wakataka utumwa ufike hadi kwenye ardhi mpya. Kaskazini wakachagua rais asiyetaka usambae, hata hakuwa amesema atawafungulia wote. Kusini wakasema basi, tunajitoa. Waliandika sababu wenyewe."

"Sasa si ungesema watumwa kutoka mwanzo? Unanizungusha kama fundi wa nguo." Akanyunyizia yai kachumbari. "Na hizo pande umezipa majina gani?"

Nikajifanya simu yangu inalia.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na tatizo la kikazi. Wanajeshi wa Kaskazini walivaa bluu, wa Kusini wakavaa kijivu. Televisheni ya Mama Naliaka ilikuwa imechoka, kila kitu ndani yake kilikuwa rangi ya sukuma wiki. Hakuna mtu angejua nani ni nani. Nilihitaji majina ambayo yangeshika mara moja kichwani, na nikayatafuta kwa umakini wote nilionao, ambao ndio ugonjwa wangu. Kaskazini kuna viwanda na reli. Uthiru iko kwenye barabara kubwa. Kusini ni mashamba. Waithaka bado kuna watu wenye migomba. Kwa hivyo Kaskazini iwe Uthiru, Kusini iwe Waithaka. Nilijipongeza. Nilidhani ni kazi safi sana.

Majenerali nao nikawapa majina. Yule wa Uthiru, aliyevuta sigara hata kwenye mvua, nikamwita Mzee Moshi. Yule wa Waithaka, mwenye ndevu zilizochanwa, nikamwita Ndevu Safi. Farasi wake nikamwita Nduthi, kama zile pikipiki za abiria, kwa sababu alibeba watu watatu bila kulalamika.

Jumapili ilipofika, ukumbi ulijaa hadi watu wakakalia debe za maji. Vijana wa Uthiru upande wa kushoto, vijana wa Waithaka upande wa kulia wakiongozwa na kinyozi mmoja aliyeitwa Chairman, ingawa hakuna uchaguzi uliowahi kufanyika. Benchi ya mbele katikati alikaa Josephine, dada wa kazi kutoka Vihiga aliyefanya kazi huko Waithaka, siku yake ya mapumziko, amebeba njugu za kutosha ukumbi mzima na hakumgawia mtu.

Nikaanza. "Huku ni jeshi la Uthiru!" Upande wa kushoto ukalipuka. "Na huku ni jeshi la Waithaka!" Kulia mabati yakatetemeka. Mama Naliaka, amesimama mlangoni, akatabasamu. Mimi nikajiona bingwa.

Kisha Waithaka wakashinda vita vya kwanza, kama ilivyokuwa kweli, na vijana wa Waithaka wakaimba wimbo wa timu yao. Nikasema, poa, ni furaha tu. Halafu ikaja sehemu ambapo tajiri mmoja wa Kusini, mwenye koti refu, anasimama kwenye veranda na kuuliza, "Mkiwaachilia hawa watu, pamba yangu atachuna nani?"

Chairman akasimama. "Mwambie! Shamba ni yetu!"

"Na watu ni wetu!" wenzake wakajibu.

Wakapiga makofi. Sikuamini. Watu niliowajua kwa majina, watu walioshinda juma zima wakibeba mawe kwenye ujenzi wa wengine, walikuwa wanashangilia mwenye watumwa. Kilichowatosha ni jina moja nililoliweka mimi.

Niwaambie kitu. Nilipokuwa nikisoma kuhusu vita hivyo, kulikuwa na jambo moja lililokataa kuingia kichwani: wale vijana maskini wa Kusini, wasio na mtumwa hata mmoja, baadhi bila viatu, walikwenda kufa kwa ajili ya mali ya tajiri. Nilisoma na kusoma, nikaona ni ujinga wa Wamarekani. Sasa nilikuwa na jibu mbele yangu, limekaa kwenye benchi za upande wa kulia, linakula mahindi choma. Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa na shamba. Chairman mwenyewe alikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, na kilikuwa cha shemeji yake.

"Nyinyi ni wauza watu!" kijana wa Uthiru akapiga kelele.

"Na nyinyi mnaona wivu, hamna hata sukuma ya kupanda!"

Benchi zikaanza kulia. Mlangoni Mama Naliaka hakuwa anatabasamu tena. Alikuwa ameshika ufunguo na kuupigapiga kwenye kiganja. Nikaongeza kasi, nikachanganya maneno, nikamfanya Mzee Moshi aongee kwa sauti ya Ndevu Safi. Kijiko cha Baraza kikagonga ukuta. Nikaongeza kasi tena. Sasa kikagonga mfululizo, kama mvua ya mawe. Nyamaza.

Nikanyamaza. Na katika ule ukimya mfupi, Josephine, mdomo umejaa njugu, akasema kwa sauti ya mtu anayedai chenji yake:

"Wewe kijana wa maiki. Huyo mama anachuna pamba anaitwa nani?"

"Huyo ni mtumwa, auntie."

"Mimi nimekuuliza jina. Tumemwona tangu tuanze, amechapwa, amelia, ameimba. Anaitwa nani?"

"Sija... hana jina bado."

"Yaani farasi anaitwa Nduthi, na huyu hana jina?"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu walikuwa wanangoja jibu. Niliwapa majina majenerali, pande zote mbili, farasi, hata mbwa wa tajiri. Watu ambao vita vyote vilipiganwa kwa sababu yao nikawaita "watumwa" na kusonga mbele. Mimi, mtu wa kuhesabu vikohozi.

Nikafanya dhambi kubwa kuliko zote za kazi yetu. Nikasimamisha muvi.

Picha ikaganda kwenye uso wa yule mama, mstari mweupe ukipita juu ya pua yake. Kule nje Baraza akaguna kama mtu aliyekanyagwa.

"Mnataka aitwe nani?" nikauliza.

"Josephine," akasema Josephine, bila kufikiria. "Na usimfanyie hiyo sauti ya mgonjwa. Aongee kama mtu."

"Haya, ni Josephine. Na huyu bwana aliye karibu naye na jembe..." Nikawatazama vijana wa Waithaka, na shetani wangu mdogo akaamka. "Huyu ni Chairman."

Ukumbi ukalipuka.

"Mimi?" Chairman akasimama. "Zii! Mimi niko upande ya Ndevu Safi!"

"Najua, Chairman. Ndevu Safi ndiye amekununua."

"Aje sasa? Kwa nini?"

"Sikiliza muvi utajua. Alibadilishana na jirani. Akatoa Nduthi, akakuchukua wewe."

Vijana wa Uthiru walianguka kwa kucheka. Hata wa Waithaka wakaficha nyuso kwenye kofia. Nikaachilia muvi iendelee, na nikaendelea kugawa majina ya waliokuwa ukumbini: huyu ni Otis wa Uthiru, yule pale anayebeba kuni ni Kamaa wa Waithaka, watoto wale ni wa Josephine. Watu wakaanza kuinua mikono, "Na mimi! Niweke na mimi!"

Halafu ikaja sehemu niliyoijua lakini ambayo sikuwa nimeipangia maneno. Yule bwana mwenye jembe anafungwa mnyororo, anauzwa mbali, na yule mama anamkimbilia hadi anaanguka barabarani. Sikusema kitu cha kuchekesha. Nilisema tu, "Chairman anauzwa. Josephine anauliza anapelekwa wapi. Hakuna anayemjibu."

Upande wa kulia mahindi choma yakasahaulika mikononi.

"Anapelekwa wapi?" mmoja wao akauliza polepole. Kisha akapaza sauti: "Anapelekwa wapi, dijei?"

Tangu hapo hakuna aliyemshangilia Ndevu Safi. Chairman wa kwenye muvi alipotoroka na kupita kwenye kinamasi, matope yamemfika shingoni, ukumbi mzima, kushoto na kulia, ulikuwa unapiga kelele, "Kimbia, Chairman! Inama! Mbwa huyo!" Naye Chairman halisi alikuwa amesimama kwenye benchi, jasho likimtoka, anajielekeza mwenyewe. Na yule wa kwenye muvi alipofika kambi ya Kaskazini, akapewa bunduki na sare, kijana mmoja wa Uthiru akapaza sauti, "Amesajiliwa!" Waithaka nao wakapiga makofi. Sijawahi tena kuona Waithaka ikifurahia mchezaji wake kuhamia Uthiru.

Vita vikaisha. Watumwa wakaachiliwa, muziki ukapanda, majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Nikaweka maiki chini kama nilivyofundishwa. Watu wakaanza kupangusa suruali.

Josephine hakusimama. "Sasa wanaenda wapi?"

"Wako huru, auntie."

"Hiyo nimesikia. Leo jioni wanalala wapi?"

Nilijua jibu. Halikuwa kwenye muvi, lakini nilikuwa nimelisoma, na nilikuwa nimeamua kuliacha ili watu waende nyumbani na raha. Nikamtazama Mama Naliaka. Nikaichukua maiki tena. Kumbe sabufa, ile spika ya maiki, ilikuwa imechoka, ikakohoa, ikakata. Nikaanza kuongea kwa mdomo mtupu, na watu wakasogea mbele ili wasikie.

Nikawaambia kwamba kuna mahali waliahidiwa ardhi, na wengine wakapewa kweli, wakaanza kulima. Kisha serikali ikageuka, ardhi ikarudishwa kwa mabwana wao wa zamani. Josephine na Chairman wakarudi kwenye shamba lile lile, pamba ile ile. Sasa walilima kwa makubaliano: nusu ya mavuno ya mwenye shamba, mbegu na chakula vya kukopa kwake, na hesabu anaandika yeye. Na zikatungwa sheria kwamba mtu mweusi akipatikana bila kazi anakamatwa kwa kuzurura.

"Hiyo ya kuzurura naijua," sauti ikasema kutoka nyuma.

"Ngoja," Chairman akasema. "Yaani nimeogelea matope yote hiyo, nikapigana, halafu nikarudi kwa Ndevu Safi?"

"Umerudi."

"Na Uthiru? Si tulikuwa pamoja? Uthiru walikuwa wapi?"

"Walikaa kidogo na askari wao. Kisha wakachoka, wakaenda nyumbani."

"Sisi?" vijana wa Uthiru wakaruka. "Sisi hatuwezi kufanya hiyo!"

"Mlifanya!" Chairman akajibu, na akaja kukaa benchi ya mbele ili awatazame vizuri. Nao wakaja kujitetea. Kila mtu akaketi pale pale, Uthiru na Waithaka magoti yamegusana, wakinielekea mimi na kuuliza na kuuliza.

Na ile benchi ya mbele ikakatika katikati.

Ilitoa mlio mmoja, pa, na wote wakateremka chini pamoja, Josephine pia, na njugu zake zikamwagika. Hakuna aliyemgusa mwenzake kwa ubaya. Lakini benchi ilikuwa vipande viwili, na kila mtu akageuka kumtazama Mama Naliaka pale mlangoni. Josephine, amekaa sakafuni, akaokota njugu moja, akaipuliza vumbi.

"Endelea," akaniambia. "Watoto wake je?"

Waliondoka giza likianza kuingia, wanabishana, na kelele zao nikazisikia hadi kule njia panda. Nikabaki na Mama. Alikuja polepole, akainama, akashika kipande cha benchi.

"Imevunjika."

"Naona, Mama."

"Nilisema nini?"

"Ulisema pastor atachukua ufunguo."

Nilijua sikio la Baraza kule nje limebandikwa kwenye mabati. Nilianza kukunja waya za maiki, vizuri, duara juu ya duara, kwa sababu hata wakati wa kufukuzwa siwezi kukunja waya ovyo.

"Huyo Josephine wa muvi," Mama akasema. "Mwishowe alipata shamba?"

"Hakupata."

"Hata watoto wake?"

"Wengi hawakupata, Mama."

Akasonya, sonyo refu la Bungoma, na sijui hadi leo alikuwa anamsonyea nani. Kisha akanitupia kile kipande cha mbao.

"Nyundo iko kwa Baraza. Misumari utatafuta mwenyewe. Na Jumapili ijayo uniletee karate, hii yako imenichosha."

Akauchukua ufunguo kwa kamba yake na kuutumbukiza kifuani, mahali ambapo pastor asingeweza kuufuata.